Kamera ya hadubini ya Sh 165,000, kwa macho yasiyotulia

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Sh 165,000, dukani Mwanza mjini, baada ya kuvutana. Muuzaji alianzia laki mbili na ishirini, akaapa kwamba kwa bei yangu hapati hata mia, kisha akanifungia vizuri kabisa na kuniongezea mfuko. Ndani ya boksi kuna kamera yenyewe, nyeusi, fupi, yenye waya wa USB unaotokea mgongoni. Kuna pete mbili za kuiongezea unene, kilenzi kidogo cha kuskrubu mbele, na sidii ya programu. Sidii! Laptopu yangu haina hata pa kuiingiza. Jina la kampuni halijaandikwa popote, kwa hiyo msiniulize ni ya nani. Ni zile za Kichina ambazo kila muuzaji anazibandika jina lake. Ubavuni mwa boksi wameandika megapikseli 2, nami nimeamua kuwaamini.

Kazi yake ni moja. Unachomoa lenzi ya juu ya hadubini, ile unayochungulia, unaichomeka kamera mahali pake, na kilichopo kwenye slaidi kinatokea kwenye kioo cha laptopu au cha simu. Basi. Mwenye macho mazima ataitumia kufundishia wanafunzi au kupiga picha za kumrushia mwenzake. Mimi nisipokuwa nayo naambiwa nikae dirishani niandikishe wagonjwa.

Ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya upande wa Ilemela, karibu na ziwa kiasi kwamba wagonjwa wengine wanaingia na magamba ya samaki kwenye kanga. Nina ualbino. Watu wakisikia ualbino wanawaza ngozi na jua, na kweli ngozi ni shughuli: kofia, mikono mirefu, losheni kila asubuhi. Lakini maabara jua haliingii. Kinachonisumbua kazini ni macho, na hili wengi hawalijui, wakiwemo walimu walionifundisha baiolojia.

Melanini, ile rangi ya asili ya mwili ambayo sisi wenye ualbino tunayo kidogo au hatuna, haipo kwa ajili ya ngozi peke yake. Mtoto akiwa tumboni, jicho linaihitaji ili ile sehemu ya katikati ya retina, inayoona vitu vidogo kwa ukali, ikue ikamilike. Ikikosekana, sehemu hiyo haikomai, na hata mishipa inayopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo inapita njia isiyo yake. Ndiyo maana miwani inanisaidia nusunusu. Mama mdogo kila akija mjini ananiambia nitafute daktari mzuri zaidi, na kila akija namjibu kwamba daktari ni mzuri, lenzi ni nzuri, jicho ndilo lilivyoumbwa. Juu ya hapo mwanga mkali unaniumiza, na macho yanacheza. Yanakwenda kushoto na kulia yenyewe, bila kuniomba ruhusa.

Sasa mtu wa namna hiyo mkalishe kwenye hadubini. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya juu unatokea kwenye kiduara cha milimita moja hivi tu, na mboni yako inatakiwa ikae hapohapo, itulie. Yangu ikiteleza, giza. Ikirudi, mwanga. Giza, mwanga, giza, mwanga, mpaka kichwa kinaanza kugonga. Sisi wenye macho yanayocheza tunajua kwamba kuna namna ya kukaza kichwa ambayo ukiipata macho yanapoa. Yangu ni kuinamisha kidevu na kugeuza uso kushoto kidogo. Nilipokuwa mtoto Mama alinifinya sana kanisani, akidhani namwangalia padri kwa dharau. Kwenye hadubini hakuna cha kugeuza uso. Mirija miwili imetazama mbele na wewe utatazama mbele, vinginevyo huoni kitu. Chuoni nilimaliza kwa kuwa wa mwisho kutoka maabara karibu kila jioni, na kwa kumeza panado nyingi.

Kioo cha laptopu hakijali nimekaaje. Nakilaza, nakisogelea hadi pua ikaribie kugusa, napunguza mwanga, nikitaka nageuza nyeupe iwe nyeusi. Jicho linacheza linavyotaka, picha iko palepale inalisubiri. Hapo ndipo thamani ya kifaa hiki ilipo. Mengine yote nitakayoyasema, mazuri na mabaya, ni ya pembeni.

Nilianza na kichocho, kwa kuwa huku ndiko tuliko. Kando ya ziwa chetu ni kichocho cha tumbo; kile cha mkojo utakikuta zaidi ukiingia ndani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Choo tunakipima kwa njia ya Kato-Katz. Kinachujwa, kinajazwa kwenye tundu la kibao cha plastiki lililopimwa libebe miligramu 41.7, kinahamishiwa kwenye slaidi, kinafunikwa na selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini ya kijani, kinakandamizwa, kinaachwa kiwe angavu. Halafu unahesabu mayai yote, slaidi nzima toka kona hadi kona, na kuzidisha kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu moja. Kuanzia 1 hadi 99 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ni ya kati, 400 na kuendelea ni mazito. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Shughuli ni kuyaona hayo mayai.

Na yanaonekana. Yai la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, ni kubwa kwa vipimo vya hadubini, karibu sehemu ya saba ya milimita kwa urefu, na lina mwiba ubavuni. Niliweka lenzi ya 10, ile ya upande wa slaidi inayokuza mara kumi, nikazungusha kitasa, ukungu wa kijani ukafunguka, na hilo hapo, katikati ya kioo, rangi ya chai ya rangi, refu sawa na kidole changu cha shahada. Mwiba umechongoka, umeelekea pembeni, msingi wake mpana. Niliuchora mwiba huu mara nyingi chuoni, nikiutoa kitabuni. Kwenye slaidi nilikuwa naona doa lenye pembe, nalinganisha na alichosema mwalimu, naandika. Safari hii niliufuata kwa ncha ya kalamu kwenye kioo, kuanzia shina hadi ncha, nikamwita mwenzangu aje aone. Akaja, akaangalia, akasema, "Si mansoni tu huyo, dada?" Kwake ilikuwa Jumatatu ya kawaida.

Baadaye nikagundua kwamba hata lenzi ya 4 inatosha. Yai linakuwa dogo lakini mwiba bado nauona, na eneo linaloonekana kwa wakati mmoja ni kubwa zaidi. Hili ni muhimu, kwa sababu kasoro kubwa ya kamera hii ni kwamba inachukua kipande cha katikati tu cha kile ambacho jicho lingekiona. Kile kilenzi cha kuskrubu kinapanua kidogo, wala msikitupe mkidhani ni kifuniko. Hata hivyo slaidi moja inanichukua muda mrefu kuliko inavyomchukua mwenzangu. Kwa kichocho si neno, mayai yake yanasubiri. Ya minyoo ya safura hayasubiri: gliserini inayaangaza mpaka yanapotea, na ukichelewa kupita saa moja utaandika hakuna wakati yalikuwepo. Kwa hiyo slaidi mpya naipitia kwanza kwa ajili ya safura, mbio, kisha naanza upya taratibu kwa kichocho.

Kuna faida ambayo sikuitarajia. Bibi mmoja wa Igombe alimleta mjukuu wake, mtoto tumbo limejaa, mwembamba miguuni. Kwa kawaida mgonjwa anapewa karatasi anaondoka. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi na kioo kinaonekana toka benchi la kusubiria. Akauliza, "Mwanangu, hicho cha kijani ndicho choo cha mtoto?"

"Ndiyo, bibi. Na hili hapa ni yai la kichocho."

Akasogea. Akavua miwani, akavaa tena. "Na mwaka mzima mimi nampa dawa ya vidonda vya tumbo!" Nikamwelekeza arudi kwa daktari akapimiwe uzito, kwa kuwa praziquantel inatolewa kwa kilo, miligramu 40 kwa kila kilo moja. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana," huku bado anakitazama kioo. Nilijua kwamba mtoto huyo dawa ataimeza hata ikiwa chungu.

Kwenye malaria sifa zinapungua. Lenzi ya mafuta, ile ya 100, kuona naona: kwenye damu iliyotandazwa nyembamba chembe nyekundu zinakuja kubwa, na pete ya kimelea ndani yake inaonekana na kidoti chake. Kuhesabu ndiyo kimbembe. Kwenye tone nene unahesabu vimelea hadi ufikishe chembe nyeupe 200, unazidisha kwa 8,000, unagawa kwa zile 200. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna malaria unatakiwa uwe umepitia sehemu zisizopungua 100, sehemu moja ikiwa ni kile kinachoonekana kwa wakati mmoja bila kusogeza slaidi. Sehemu 100 za jicho, si za kamera. Kwa kamera inayokata picha kiasi hiki, 100 zinageuka kuwa mamia, na mgonjwa yuko nje anatetemeka. Tena kwa lenzi hiyo mwanga unakuwa hafifu, picha inaingia chengachenga, na uchafu wa rangi ya Giemsa unaanza kufanana na vimelea. Tumekubaliana na mwenzangu: slaidi za malaria za kuhesabu ni zake, za choo na mkojo ni zangu. Anashukuru kuliko mimi. Na siku hizi malaria nyingi tunaipima kwa kipimo cha haraka, kile cha mstari. Mstari ukiwa hafifu naupiga picha kwa simu na kuuvuta.

Kuna udhia mwingine mdogomdogo. Picha inachelewa. Ukisogeza slaidi, kioo kinafuata baadaye, kama simu ya video ya mtu aliyeko Ukara; ukienda haraka utapata kichefuchefu. Rangi ya kijani inatoka ya bluu mpaka uirekebishe mwenyewe. Ukitumia simu badala ya laptopu, utahitaji waya wa OTG, ule wa kuunganishia kifaa cha USB kwenye simu, na kamera inainyonya betri vibaya mno. Kisha kuna ile mistari myeusi iliyokuwa inapanda kwenye picha bila kukoma. Nilikaribia kuirudisha dukani kwa hasira. Kumbe programu imetoka kiwandani ikiwa imewekwa hezi 60, na umeme wetu wa Tanesco ni hezi 50. Ingia kwenye mipangilio, badilisha, mistari inakwisha. Muuzaji hakulijua hilo, na karatasi ya maelekezo iko kwa Kichina.

Dukani sasa. Duka liko ghorofani katikati ya mji, si mbali na Makoroboi, na sitalitaja. Ngazi za saruji, za kijivu kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna pa kushikilia, hakuna hata ukingo uliopakwa rangi. Wenye uoni hafifu mnaelewa: ngazi za rangi moja tunaziona ni mteremko. Mstari wa rangi ya njano kwenye kila ukingo ni kazi ya kopo moja na asubuhi moja. Nilipofika juu, muuzaji alimtazama kijana wa bodaboda aliyenisindikiza na kumuuliza, "Dada anataka nini?" Kijana akacheka. "Muulize mwenyewe bosi, mimi nimemleta tu." Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri, na nampa haki yake: alikubali niijaribu kamera palepale kwa hadubini yake na slaidi niliyoitoa kwenye mkoba wangu. Nendeni na slaidi yenu. Asiyekubali mjaribu, msinunue kwake.

Na kuna siku nilirudi na rafiki yangu, mwalimu wa fizikia anayetumia kiti mwendo. Mji huu wa mawe unajulikana, kila penye kitu kizuri pana ngazi, yeye ameshazoea kufanya biashara akiwa barabarani. Muuzaji alishuka na maboksi mawili mkononi, akayafungua juu ya kibaraza cha duka la chini, akamweleza kila kitu jua likimpiga. Ni ubinadamu, na si huduma. Akiwa na wateja wengine juu, angeshuka?

Rafiki yangu alitaka kuiona kamera kwa sababu nyingine kabisa. Macho yake hayana tatizo. Meza za maabara za shuleni kwake zinamfika kifuani, zimejengwa kwa saruji, zina stuli ndefu za mbao, na swichi za umeme ziko ukutani nyuma ya meza. Hadubini ikiwa juu ya meza ile, mirija yake iko juu ya kichwa chake. Akitaka kuwaonyesha vijana kitu, anamwomba mwanafunzi awe mikono yake, jambo ambalo anasema limemchosha kuliko kusukuma kiti. Tuliiweka hadubini kwenye meza ya chai, chini, kitasa kikamfika kiganjani, kioo tukakiegemeza juu ya vitabu. Kidato cha tatu wakasimama nyuma yake wakitazama seli za kitunguu. Mwalimu wa baiolojia akaja kuazima. Tangu hapo kamera yangu inasafiri, na mimi nimeanza kuidai kwa ujumbe mkali.

Nimewaza sana kwa nini kitu cha bei hii sikukiona nikiwa mwanafunzi. Sekondari walinipenda, siwezi kusema walinitesa. Lakini kwenye prakitikali ya kemia unasoma bureti iliyogawanywa kwa sehemu ya kumi ya sentimita ya ujazo, unasoma chini ya mpindo wa maji, jicho likiwa usawa wake. Nilikuwa naibusu ile bureti. Mwalimu, kwa huruma kabisa, akanishauri nikachukue HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kidato cha tano: "Utapata daraja la kwanza bila kuhangaika, binti yangu." Ushauri huo wamepewa karibu watu wote wenye ualbino ninaowajua waliofaulu vizuri. Angalieni tuliowapeleka juu. Salum Bar'wani alichaguliwa ubunge Lindi Mjini mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria, akawa naibu waziri mwaka 2015. Najivunia wote wawili. Ila nitajieni mkemia.

Baraza la Mitihani linatoa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na kuongeza muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ni msaada mkubwa, uliniokoa kwenye karatasi za nadharia. Lakini dakika haziifanyi bureti iwe nene. Kwingine wanafunzi wasioona kabisa wanapima kwa bomba la sindano lililochongwa alama za kuguswa kwa kidole kwenye msukumio wake, au wanapima kwa mizani badala ya ujazo. Bomba la sindano! Yamejaa kila duka la dawa kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi. Na kama mtu anadhani kwamba sayansi ya viumbe haiwezekani bila macho, amtafute Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi aliyepoteza kuona akiwa na miaka mitatu, akawa profesa Marekani kwa kuchunguza magamba ya konokono kwa ncha za vidole: makovu ya kaa waliojaribu kuyavunja, unene, mikunjo. Hapa kwetu konokono ndio wanaobeba kichocho na wamejaa kwenye nyasi za ziwani. Nani amewahi kumkabidhi mwanafunzi asiyeona ganda moja akamwambia, haya, eleza?

Kwa wenye kutaka kulinganisha. Kishikio cha kufungia simu juu ya lenzi kinauzwa bei ndogo zaidi, nacho nimekijaribu. Simu inakilemea, kinateleza, na kukilenga katikati ya kile kiduara cha mwanga kunahitaji macho mazuri, jambo linalochekesha. Ile hadubini ya karatasi ya Foldscope, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford na akina Manu Prakash, inakuza mara 140 na inakunjwa ikaingia mfukoni. Naipenda kwa ajili ya watoto wa shule, lakini bado unaibandika jichoni, na jicho ndilo linalonikwamisha. Kamera zenye kioo chake zipo, picha haichelewi, rangi ni safi. Bei yake ni ya hospitali, na si ya mtu.

Swali ambalo wengi wataniuliza: kwa nini nimenunua mwenyewe kifaa cha kazi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kituo chetu hakifikishi hao 20, kwa hiyo mimi nilipata kazi kwa sababu mtu alinihitaji, jambo ambalo lina heshima yake. Nilipochelewa kutoa majibu mwanzoni, bosi hakunifokea. Aliniita, akaniketisha, akasema mapokezi kuna nafasi, kazi nyepesi, mshahara uleule. Alikuwa na nia njema mpaka nikashindwa kukasirika. Nikamwomba aniachie mwisho wa mwezi upite. Mshahara ulipoingia nikaenda mjini.

Haya, mnunuzi. Kabla ya kutoa pesa, pima kipenyo cha mrija wa hadubini yako baada ya kuchomoa lenzi. Kamera hii ni ya milimita 23.2, ndicho kipimo cha hadubini nyingi za shule na vituo. Pete zilizomo zinaifikisha 30 na 30.5. Hadubini yako ikiwa ya kioo cha kuakisi mwanga wa jua, ile ya zamani isiyo na taa, utaweza kuitumia kwa lenzi ndogo mchana, ila mawingu yakipita picha inakufa. Hata laptopu iwe na chaji, umeme ukikatika hadubini inazima taa na utabaki na kioo cheusi. Sidii waachieni wenyewe; programu ya kamera iliyomo tayari kwenye kompyuta inaitambua. Ukiwa huoni kabisa, usipoteze pesa yako hapa, hakuna sauti wala chochote cha kugusa. Ukiwa na uoni hafifu, au macho yanayocheza, au kiti kisichofika mezani, nunua. Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya malaria.

Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, daini kabla hamjashuka zile ngazi. Yangu ilitoka baada ya kuwakumbusha mara mbili, ikabidi wamwamshe kijana wa mashine. Nimeiambatanisha kwenye barua ya kuomba nirudishiwe Sh 165,000, pamoja na picha ya yai lenye mwiba niliyoichapisha kwa rangi ili wajue pesa ilikwenda wapi. Mganga mfawidhi ameisoma, akasema picha ni nzuri, akauliza kama kamera inaweza kutumika pia siku ya wageni kutoka wilayani. Nimemjibu kwamba inaweza, ikishakuwa mali ya kituo.